Agosti 27 Ni Siku ya Nani?



Kuna kipindi kifupi cha redio ambacho wengi wetu tumekua nacho, na magazeti nayo yana kona yake: leo katika historia. Mtangazaji husoma mambo matano au sita. Mwaka fulani alizaliwa fulani, mwaka fulani meli ilizama, mwaka fulani mkataba ulitiwa saini. Kisha yanakuja matangazo ya vifo na taarifa ya hali ya hewa. Sikidharau kipindi hicho, maana wengi walioipenda historia walianzia hapo. Tatizo langu ni kwamba matukio yamepangwa pale kama abiria wa daladala: wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na safari yake, na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi.

Leo nataka tuwaulize. Nimechukua tarehe moja tu, Agosti 27, na sikuiokota ovyo. Ni tarehe inayogusa pwani yetu, Ethiopia, Ghana na Kenya, tena inaonyesha vizuri jambo ninalotaka kulisema. Tarehe ina mwenyewe. Kuna aliyeshika saa, kuna aliyetangaza, na kuna waliopangiwa. Orodha ya redioni hutupa tarehe na kutuficha mwenyewe.

Naanza na tukio ambalo hakuna binadamu aliyelipanga.

Jumatatu ya Agosti 27, 1883, volkano ya Krakatoa ililipuka katika mlango-bahari wa Sunda, kati ya Java na Sumatra. Ilikuwa ikitoa moshi na majivu tangu Mei. Asubuhi hiyo ikapasuka kwa mfululizo, na mpasuko mkubwa kuliko yote ukaja dakika chache baada ya saa nne kwa saa za huko. Sehemu kubwa ya kisiwa ilitumbukia baharini. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, na wengi wao waliuawa na mawimbi yaliyofagia vijiji vya pwani. Moto wenyewe uliua wachache.

Saa nne hivi baada ya mpasuko huo, katika kisiwa cha Rodrigues karibu na Mauritius, umbali wa kilomita zipatazo 4,800, mkuu wa polisi James Wallis alisikia ngurumo kutoka mashariki. Aliandika kwamba ni kama ngurumo za mizinga mikubwa iliyo mbali. Hakuwa mjinga, alitumia akili aliyokuwa nayo. Nani angedhani kwamba mlima uliopasuka upande wa pili wa Bahari ya Hindi unaweza kusikika kwake?

Ilijulikanaje basi kwamba ngurumo ya Wallis na mlima wa Sunda ni kitu kimoja? Kwa saa na kwa waya. Nyaya za telegramu zilikuwa zimelazwa chini ya bahari, na habari za Krakatoa zilifika Ulaya upesi kuliko habari za janga lolote la aina hiyo kabla yake. Katika miji mingi duniani kulikuwa na vipimo vya kanieneo ya hewa vilivyokuwa vikichora mistari yake kimyakimya. Wataalamu walipolinganisha saa za mistari hiyo waliona kwamba wimbi la hewa lililotoka Krakatoa liliizunguka dunia zaidi ya mara moja, kwa muda wa siku zipatazo tano. Mwaka uliofuata, Oktoba 1884, wajumbe wa mataifa walikutana Washington wakakubaliana kwamba saa za dunia zihesabiwe kuanzia Greenwich. Sisemi kwamba volkano ndiyo iliyowapeleka kule. Waliopiga kelele zaidi ni wenye reli na wenye meli. Ninachosema ni kwamba hadi hapo, huu mtindo wa kusema «siku hiyohiyo» kwa dunia nzima ulikuwa bado mchanga.

Na pwani yetu je? Hapa ndipo orodha ya redioni inaponikera kidogo. Karibu mwaka mzima baadaye, Julai 1884, wavulana wa skuli ya misheni Unguja waliokota ufukweni mawe mepesi yenye matundu matundu, mawe yanayoelea. Wakayafurahia kama mtoto yeyote angefurahia jiwe lisilozama. Pamoja na mawe hayo bahari ilileta mafuvu na mifupa ya watu. Mkondo ulikuwa umevusha mabaki ya Sunda Bahari yote ya Hindi. Kwa Unguja, Agosti 27, 1883 ilifika Julai 1884, ikiwa na mifupa mikononi. Hakuna kalenda inayoiandika hivyo.

Sultani wa Unguja wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Khalid, na huyu ndiye anayetupeleka kwenye Agosti 27 nyingine, ile inayojulikana kuliko zote kwetu, na ambayo mtaniwia radhi nikikaa nayo kwa muda.

Jumanne ya Agosti 25, 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Alizikwa alasiri ileile, kama ilivyo desturi. Kabla kaburi halijakauka Khalid alikuwa amekwisha kuingia katika majumba ya kifalme ya pale baharini na kujitangaza. Si mara yake ya kwanza: mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, alijaribu vilevile akazuiwa. Safari hii alikataa kuzuiwa. Walikusanyika kwake karibu watu 2,800: askari wa ikulu, watumishi, watumwa na raia wa mjini. Walijikinga kwa masanduku na marobota. Walikuwa na mizinga michache, miwili kati yake zawadi ya Mfalme wa Ujerumani, na meli moja, Glasgow, ambayo ilikuwa chombo cha fahari cha Sultani zaidi kuliko manuwari.

Waingereza walishikilia kwamba kwa makubaliano ya mwaka 1890 hakuna atakayeketi kwenye kiti cha Unguja bila ridhaa yao, na mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Balozi wao hakuwapo. Kaimu wake alikuwa Basil Cave. Cave alipeleka telegramu London kuuliza kama anaruhusiwa kupiga. Jibu lilikuja kwa waya uleule wa baharini: anaruhusiwa. Bandarini zikatia nanga manuwari tano, na Admirali Harry Rawson akiwa kwenye kubwa lao, St George. Jumatano, Agosti 26, Khalid alipewa amri: ashushe bendera na atoke ifikapo saa tatu asubuhi ya kesho yake.

Naomba mzingatie hiyo saa tatu. Kwa Waunguja, usiku wa kuamkia Alhamisi ulikuwa umekwisha kuwa Alhamisi, kwa sababu siku huingia jua linapotua. Mwezi ulikuwa Mfungo Sita, mwaka 1314 wa Hijria. Balozi wa Marekani, Richard Dorsey Mohun, aliandika kwamba usiku ule mji ulinyamaza kwa namna ya kutisha. Ngoma hazikusikika, hata kilio cha watoto hakikusikika. Mji mzima ulikuwa ukingoja saa ya watu wengine.

Asubuhi, nusu saa kabla ya muda kwisha, Khalid alituma ujumbe: bendera hashushi, na haamini kwamba watampiga. Alijibiwa kwamba hawapendi kumpiga, lakini asipotii watampiga. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Majumba yale, Beit al-Hukm hasa, yalikuwa na mbao nyingi, na yalikuwa yamejaa watu. Glasgow ilijibu mapigo, ikazamishwa pale pale bandarini. Saa tatu na dakika 40 bendera ilikuwa chini na mizinga imenyamaza. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Beit al-Hukm na Beit al-Sahil ziliharibika vibaya. Beit al-Ajaib ilibaki imesimama, lakini mnara wa taa uliokuwa mbele yake ulibomolewa. Alasiri ya siku hiyohiyo Hamoud alikuwa Sultani.

Haya, sasa ndiyo mnaijua: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38. Watalii huambiwa hivyo Forodhani, wakacheka, wakaendelea na urojo wao. Wengine huhesabu dakika 40, wengine 45. Inategemea unaanzia kombora la kwanza au amri, unaishia bendera au risasi ya mwisho. Mimi hesabu hizo zote nazikataa. Ni hesabu za mtu aliyesimama melini na saa mkononi. Kwa aliyekuwa ndani ya Beit al-Hukm, vita vilianza tangu mkataba wa 1890 ulioifanya Unguja iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na matokeo yake yaliendelea hadi Desemba 1963 ulinzi huo ulipokwisha. Na kuiita vita ya kuchekesha kwa sababu ilikwisha upesi ni ukatili. Kilichoiharakisha ni tofauti ya silaha, na tofauti hiyo ndiyo iliyowaua watu.

Sisemi haya kumtetea Khalid. Alitaka ufalme, na ndani ya majumba yale walikuwamo watumwa wasioulizwa kama wanataka kumfia. Tena upande wa pili walisimama askari 900 wa Kizanzibari chini ya Luteni Arthur Raikes, kwa hiyo yeyote anayeisimulia kama Waingereza dhidi ya Wazanzibari amerahisisha mno. Na Hamoud huyohuyo, aliyewekwa kwa mizinga, ndiye aliyetia saini Aprili 1897 amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909, na fidia ilikuwa kwa mabwana, si kwa watumwa. Lakini amri ilitoka. Historia hainyooki kwa ajili ya kuturidhisha.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akakaa humo zaidi ya mwezi huku Waingereza wakimngoja nje. Oktoba 2 maji yalijaa hadi kwenye bustani ya ubalozi. Mashua ya manuwari Seeadler ikasogea, akapanda bila kukanyaga ardhi ambayo Waingereza wangeweza kumkamatia. Akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata miaka ishirini baadaye, 1916, katikati ya vita kuu, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Alirudishwa Afrika Mashariki mwishoni, akafia Mombasa mwaka 1927.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, Agosti 27, 1928, mawaziri na mabalozi wa nchi 15 walikusanyika Paris na kutia saini mkataba wa kuikataa vita kama njia ya kutatua migogoro. Waliuita kwa majina ya waasisi wake wawili, Kellogg wa Marekani na Briand wa Ufaransa. Uingereza ilitia saini. Ujerumani ilitia saini, Italia vilevile, na Japani pia. Hii ni Agosti 27 iliyochaguliwa na wanadiplomasia, siku ya kalamu na picha. Sitaidharau moja kwa moja, kwa kuwa mawakili walioendesha kesi za Nuremberg baadaye waliutumia mkataba huo. Lakini Ethiopia, ambayo nayo ilijiunga, ilikuwa imewekewa maneno yale mikononi kama hundi isiyo na fedha. Oktoba 1935 Italia ikaivamia. Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa akawakumbusha walichoahidi, na akarudi uhamishoni mikono mitupu. Na Agosti 27, 1939, miaka 11 kamili baada ya saini ile, ndege ya kwanza yenye injini ya jeti, Heinkel He 178, iliruka Ujerumani. Siku tano baadaye Ujerumani ikaingia Poland.

Haile Selassie huyohuyo alifariki, au tuseme tuliambiwa alifariki, Agosti 27, 1975.

Alikuwa ameondolewa madarakani Septemba 1974 na wanajeshi wa Dergi, akatolewa ikulu kwa gari dogo la Volkswagen. Karibu mwaka mzima alikuwa mfungwa. Kisha serikali ikatangaza kwamba mzee amefariki kwa sababu ya maradhi baada ya kufanyiwa upasuaji. Hakukuwa na mazishi ya hadhara. Kwa hesabu ya Waethiopia wenyewe siku hiyo ilikuwa Nehase 21, 1967. Miaka mingi ilipita. Mwaka 1992, Dergi ikiwa imeanguka, mabaki yalifukuliwa katika viwanja vya ikulu, chini ya sakafu, na ushahidi uliotolewa katika kesi za baadaye ulisema mfalme aliuawa na watu wa utawala ule. Hakuzikwa kwa heshima hadi Novemba 2000, katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu mjini Addis Ababa. Sasa niambieni: tarehe hii ni ya nani? Imeandikwa katika vitabu vyote, nami nimeitaja hapa mbele yenu kama kila mtu anavyoitaja. Lakini aliyetupa tarehe hiyo ndiye anayeshukiwa kifo chenyewe. Mwalimu atakayeifundisha bila kulisema hilo atakuwa anasoma taarifa ya Dergi kwa sauti yake mwenyewe.

Nitaje kwa ufupi kifo kingine, kilichotokea Accra Agosti 27, 1963. W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi, alifariki akiwa na miaka 95, raia mpya wa Ghana, akiwa bado na kazi ya kamusi elezo ya Afrika mezani. Mwaka 1945 yeye ndiye aliyekuwa mzee wa kongamano la Umajumui wa Afrika la Manchester walilohudhuria Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Bahati yake mbaya ni kwamba siku iliyofuata ndiyo yalipofanyika maandamano makubwa ya Washington. Roy Wilkins, mmoja wa viongozi wa maandamano hayo, alitangaza kifo cha Du Bois jukwaani, umati ukanyamaza kidogo, kisha siku ikamezwa na hotuba ya Martin Luther King. Agosti 28 ikawa kubwa, Agosti 27 ikasahauliwa. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu waisome siku ya kabla.

Namalizia Kenya, kwa sababu Agosti 27 ya Kenya bado haijaisha.

Ijumaa ya Agosti 27, 2010, katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, Rais Mwai Kibaki aliizindua rasmi Katiba mpya. Wananchi walikuwa wameipigia kura Agosti 4 na theluthi mbili ya wapiga kura wakaikubali. Sheria ilimpa Rais siku 14 tangu matokeo ya mwisho yachapishwe katika gazeti rasmi la serikali, naye akachagua siku ndani ya hizo. Nyuma ya siku hiyo kulikuwa na miaka ishirini ya maandamano, mkutano wa Bomas chini ya Profesa Yash Pal Ghai, rasimu iliyokataliwa mwaka 2005, na damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa 2007. Sherehe ilikuwa kubwa. Tena ilitiwa doa mchana kweupe: Rais Omar al-Bashir wa Sudan alikaribishwa na kuketi jukwaani, ilhali Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata, na Kenya ni mwanachama wa mahakama hiyo. Katiba ya utawala wa sheria ilizinduliwa mbele ya mgeni anayekimbia sheria. Wakenya wengi waliliona na kulisema siku ileile.

Lakini tofauti kubwa ya siku hii na zile nyingine ni kwamba waandishi wa Katiba waliifanya tarehe kuwa deni. Katika moja ya majedwali yaliyoko mwishoni, waliorodhesha sheria ambazo Bunge lazima lizipitishe, kila moja na muda wake: mwaka mmoja, miaka miwili, hadi mitano, kuhesabu kutoka Agosti 27, 2010. Safari hii saa ilikuwa mikononi mwa raia. Mtu yeyote angeweza kwenda mahakamani na kusema: muda umekwisha.

Na walikwenda. Ibara ya 27 (namba hiyo ni sadfa tu) inasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa maoni kwamba sheria ya kulitekeleza jambo hilo bungeni ipatikane kufikia Agosti 27, 2015. Haikupatikana. Bunge likajiongezea mwaka mmoja, hadi Agosti 27, 2016. Haikupatikana. Miswada ililetwa, na wabunge wa kutosha hawakuonekana ukumbini siku ya kura. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge, kama Katiba inavyoelekeza linaposhindwa wajibu wake. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo. Bunge halikuvunjwa; lilimaliza muda wake, ukafanyika uchaguzi wa 2022, na katika Bunge la Taifa lililotokana na uchaguzi huo wanawake hawakufikia theluthi moja ya wabunge.